Mwili na Chuma: Historia ya Fidia ya Matengenezo ya Magari katika Bima ya Tanzania Bara, 1945–2009

1.0 Utangulizi

Gari linapogongwa katika barabara za Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya, na baada ya kuhakikishwa kwamba watu wamesalimika, swali linalofuata huwa ni moja: gari hilo lina bima kubwa au bima ndogo? Maneno haya mawili hayakutoka kwa watunga sheria. Yametoka kwa wenye magari, mafundi na mawakala wa bima, nayo yanaeleza kwa ufupi tofauti ambayo sheria huieleza kwa kurasa nyingi. Mwenye bima kubwa anaweza kudai gharama za kulitengeneza gari lake mwenyewe, hata kama kosa la ajali ni lake. Mwenye bima ndogo amelindwa dhidi ya madai ya watu wengine tu. Bampa lake lililovunjika na bodi yake iliyopinda ni mzigo wake, isipokuwa aliyemgonga apatikane, kosa lithibitike na fidia ilipwe.

Insha hii inachunguza chanzo cha mgawanyo huo na namna ulivyoathiri upatikanaji wa fidia ya matengenezo ya magari Tanzania Bara tangu mwaka 1945, ilipotungwa sheria ya bima ya lazima ya vyombo vya moto, hadi mwaka 2009, ilipotungwa sheria iliyounda mamlaka ya sasa ya usimamizi wa bima. Hoja kuu ni kwamba sheria ya kikoloni iliulinda mwili wa binadamu na kuliacha gari katika uwanja wa mkataba. Uamuzi huo haukubadilishwa na utaifishaji wa mwaka 1967 wala na soko huria lililofuata. Kwa sababu hiyo, haki ya kutengenezewa gari imeendelea kutegemea maandishi ya mkataba, thamani ya shilingi na upatikanaji wa vipuri kuliko ilivyotegemea sheria ya nchi.

2.0 Neno Lililokuja na Biashara ya Bahari

Neno bima ni la kale kuliko gari katika upwa wa Afrika Mashariki. Lina undugu na neno bima la Kihindi, Kigujarati na Kiurdu, ambalo nalo linahusishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya hofu. Si ajabu kwamba neno hili liliingia katika Kiswahili kutoka upande wa Bahari ya Hindi, kwa kuwa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi waliokuwa Unguja, Mombasa na Bagamoyo ndio walioshughulika kwa kiasi kikubwa na mikopo, shehena na hatari za safari.

Kanuni zilizokuja kutawala bima ya magari nazo zilikomaa katika biashara hiyo ya hatari, ingawa mahakama zilizozitamka zilikuwa Uingereza. Mwaka 1766, katika shauri la Carter dhidi ya Boehm, Jaji Mansfield alieleza kwamba mkataba wa bima hujengwa juu ya uaminifu wa kiwango cha juu: anayekata bima hufahamu habari ambazo mtoa bima hazifahamu, hivyo anawajibika kuzieleza. Shauri lenyewe lilihusu ngome ya Waingereza katika kisiwa cha Sumatra, lakini kanuni yake ndiyo inayomwuliza leo mwenye gari kama analitumia kwa shughuli binafsi au kwa kubeba abiria wa kulipa. Mwaka 1883, katika shauri la Castellain dhidi ya Preston, mahakama ilisisitiza kanuni ya pili: bima humrudisha mtu mahali alipokuwa kabla ya hasara, wala haimpi faida. Kutokana na kanuni hii yametoka makato ya uchakavu, pale kipuri kipya kinapofungwa katika gari kuukuu, pamoja na haki ya kampuni kuchukua mabaki ya gari ambalo imelilipia thamani yote.

Kanuni hizo ziliingia Tanganyika kwa njia ya kisheria inayojulikana vizuri. Amri ya Mfalme ya mwaka 1920 iliagiza kwamba mahakama za Tanganyika zitumie sheria ya mazoea ya Uingereza, kanuni za usawa na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 22 Julai 1920. Kwa upande wa Kenya, tarehe ya namna hiyo ni 12 Agosti 1897. Hivyo mkataba wa bima uliotiwa saini Dar es Salaam ulitafsiriwa kwa misingi ileile iliyotumika London, hata kama mwenye gari hakuwahi kuisikia misingi hiyo na mkataba wenyewe ulikuwa umeandikwa kwa lugha asiyoielewa.

3.0 Sheria ya Mwaka 1945

Uingereza ilifanya bima ya magari kuwa ya lazima kwa Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya mwaka 1930. Kwa kuwa sheria hiyo ilitungwa baada ya tarehe ya mapokeo iliyotajwa hapo juu, haikuweza kuingia Tanganyika yenyewe. Ilihitaji sheria ya ndani. Sheria hiyo ya ndani ilikuja mwaka 1945, nayo ndiyo Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Kenya nayo ilitunga sheria yake, Sura ya 405, katika kipindi hichohicho. Zote mbili ziliufuata kwa karibu mfano wa Uingereza.

Kiini cha sheria hizi kiko katika maelezo ya dhima ambayo ni lazima ikatiwe bima. Dhima hiyo ni ya kifo au majeraha ya mwili yanayotokana na matumizi ya gari barabarani. Uharibifu wa mali haumo. Mtu aliyevunjwa mguu na gari alikuwa na sheria nyuma yake. Mtu ambaye baiskeli yake, ukuta wake au gari lake lilivunjwa na gari hilohilo alibaki na haki ya kumshitaki dereva mzembe, lakini sheria haikumlazimisha dereva huyo awe na bima ya kulipia hasara ya namna hiyo.

Tofauti hii ilikuwa na uzito zaidi kutokana na kifungu kingine. Sheria ilimtaka mtoa bima alipe hukumu aliyopata mtu wa tatu dhidi ya mwenye bima, hata pale ambapo kampuni ingekuwa na haki ya kuuvunja mkataba kwa makosa ya mteja wake, mradi masharti ya taarifa yametimizwa. Hata hivyo, wajibu huo uliihusu dhima ile tu ambayo sheria iliilazimisha ikatiwe bima. Majeruhi aliweza kuifuata kampuni hadi mlangoni akiwa na hukumu yake mkononi. Mwenye gari lililogongwa hakuwa na nguvu ya aina hiyo.

Sababu ya mgawanyo huu inaeleweka ukiangaliwa wakati wake. Katika Uingereza ya miaka ya 1920, kilio kikubwa kilikuwa cha watembea kwa miguu waliouawa au kulemazwa na madereva wasio na uwezo wa kulipa. Gari lilihesabiwa kuwa chombo cha mtu mwenye nacho, na mwenye nacho alitarajiwa kujikatia bima yake kwa hiari. Dhana hiyo ilihamishiwa Tanganyika, ambako wenye magari wakati huo walikuwa hasa maofisa wa serikali, walowezi, makampuni, misheni na wafanyabiashara. Haikukadiria kwamba siku ingefika ambapo gari lingekuwa mtaji pekee wa familia ya kawaida. Uingereza yenyewe iliiongeza mali katika bima ya lazima mwishoni mwa mwaka 1988, kwa kufuata maelekezo ya Jumuiya ya Ulaya. Sura ya 169 haikufuata njia hiyo.

Pengo lililoachwa na sheria lilizibwa kwa kiasi na mikataba. Bima ndogo kwa kawaida ilijumuisha pia dhima ya uharibifu wa mali ya mtu wa tatu, lakini kwa kiwango cha juu kilichoandikwa katika mkataba. Bima kubwa ilikwenda mbali zaidi na kulilinda gari lenyewe dhidi ya kugongwa, kupinduka, moto na wizi. Kwa hiyo tangu mwanzo matengenezo ya gari yalikuwa suala la kile kilichonunuliwa. Asiyeweza kununua bima kubwa hakuvunja sheria yoyote, ila siku ya ajali alijikuta peke yake.

4.0 Bima Mikononi mwa Umma

Kabla ya uhuru, biashara ya bima Tanganyika ilikuwa mikononi mwa makampuni ya kigeni yaliyofanya kazi kupitia matawi na mawakala, mengi yakiwa na makao makuu yake nje ya nchi. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, serikali ililimiliki shirika hilo kikamilifu na kulipa ukiritimba wa biashara ya bima Tanzania Bara. Zanzibar ilianzisha shirika lake mwaka 1969.

Ukiritimba ulileta mabadiliko ambayo hayajaelezwa vya kutosha katika historia ya bima. Katika soko lenye makampuni mengi, kampuni iliyomtengenezea mteja wake gari huchukua nafasi yake na kumdai aliyesababisha ajali au kampuni ya bima ya mtu huyo. Magari mawili yaliyogongana Morogoro mwaka 1975 yalikuwa na mtoa bima mmoja. Kudaiana kati ya pande mbili hizo kukawa ni kuhamisha fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine wa koti lilelile. Kwa mtazamo wa fedha za umma, hapakuwa tena na sababu kubwa ya kutafuta nani alikuwa na kosa.

Hata hivyo, kwa mwenye gari swali la kosa lilibaki palepale. Aliyekuwa na bima ndogo na kugongwa na mwingine aliweza kulipwa kupitia bima ya mkosaji. Aliyekuwa na bima ndogo na kukosea yeye mwenyewe hakupata kitu kwa ajili ya gari lake. Utaifishaji ulibadilisha umiliki wa kampuni, lakini haukugusa mpaka uliowekwa mwaka 1945 kati ya mwili na chuma. Katika nchi iliyokuwa imetangaza kwamba njia kuu za uchumi ni mali ya wote, lori la chama cha ushirika na teksi ya mtu binafsi viliendelea kutegemea aina ya mkataba uliokatwa.

Tatizo kubwa la kipindi hiki, lakini, halikuwa la kisheria. Lilikuwa la vipuri. Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 na tena mwaka 1979, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita vya Kagera vya 1978–1979 viliiacha nchi na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Magari na vipuri viliagizwa kwa vibali na mgao. Mkataba wa bima uliahidi shilingi, wakati fundi alihitaji taa, rejeta na kioo cha mbele. Shilingi zilipopatikana na kioo kikakosekana, dai lilikuwa limelipwa katika vitabu huku gari likiwa bado limeegeshwa gerejini juu ya matofali. Mafundi walijibu hali hiyo kwa ubunifu uliojulikana sana: kunyoosha kilichopaswa kubadilishwa, kuchomelea kilichopaswa kutupwa na kuhamisha vipuri kutoka gari lililokufa kwenda lililo hai.

Mageuzi ya uchumi yaliyoanza katikati ya miaka ya 1980 yalirudisha vipuri madukani, lakini yaliibua tatizo jingine. Thamani ya shilingi ilishuka kutoka takriban shilingi 17 kwa dola moja ya Marekani mwaka 1985 hadi zaidi ya shilingi 190 mwaka 1990. Bei ya kipuri kilichoagizwa nje kwa dola ilipanda kwa zaidi ya mara kumi ndani ya miaka mitano, hata bila kuhesabu ushuru na faida ya muuzaji. Thamani ya gari iliyoandikwa katika mkataba haikupanda yenyewe. Ilibaki pale ilipoandikwa hadi mwenye gari alipokwenda kuibadilisha.

Mfano wa hesabu unatosha kuonyesha madhara yake. Gari limekatiwa bima kwa thamani ya shilingi 200,000, lakini siku ya ajali thamani yake sokoni ni shilingi 400,000. Matengenezo yanahitaji shilingi 100,000. Pale ambapo mkataba una kanuni ya wastani, mwenye gari huhesabiwa kuwa amejibebea mwenyewe nusu ya hatari, hivyo hulipwa shilingi 50,000 tu. Pale ambapo mkataba hauna kanuni hiyo, kikomo bado ni shilingi 200,000. Matengenezo yakikaribia kiasi hicho, gari linalotengenezeka hutangazwa kuwa limeharibika kabisa, mwenyewe hulipwa fedha zisizotosha kununua jingine kama lile, na mabaki huchukuliwa. Kanuni ya Castellain dhidi ya Preston iliyokusudiwa kumrudisha mtu alipokuwa ilimwacha nyuma ya pale alipoanzia, na hakuna aliyekuwa amevunja mkataba.

5.0 Safari ya Dai

Utaratibu wa kudai fidia ya matengenezo uliojengeka katika kipindi hiki umedumu kwa sehemu kubwa. Ajali huripotiwa polisi, ambao huchora ramani ya tukio, hukagua gari na kuandaa ripoti. Mwenye bima huijulisha kampuni bila kuchelewa na kujaza fomu ya madai, akiambatisha leseni ya dereva, kadi ya gari na ripoti ya polisi. Gereji huandika makadirio ya gharama. Kampuni humtuma mkadiriaji wa hasara kulikagua gari na kuyapima makadirio hayo. Matengenezo huanza baada ya kampuni kutoa idhini kwa maandishi. Kazi ikikamilika, mwenye gari hulipa sehemu ya awali ya hasara ambayo mkataba unamtaka aibebe, husaini kwamba ameridhika, kisha gereji hulipwa na kampuni.

Kila hatua katika mlolongo huu ina sababu yake, na kila hatua ni mahali ambapo dai linaweza kukwama. Idhini ya maandishi humlinda mtoa bima dhidi ya ankara iliyoongezwa. Humponza mwenye gari ambaye, kwa sababu gari ndilo linalomlisha, amelipeleka kwa fundi siku ileile na kulitengeneza kabla halijakaguliwa. Sharti la leseni hai humlinda mtoa bima dhidi ya dereva asiyefaa. Humnyima fidia mwenye gari aliyemwachia ndugu yake usukani bila kuulizia leseni yake. Sharti la matumizi lina uzito zaidi. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi na kukutwa likibeba abiria wa kulipa linaweza kukosa fidia yote ya matengenezo, kwa kuwa hatari iliyotokea siyo iliyouzwa.

Mkadiriaji wa hasara anastahili kuangaliwa kwa pekee. Yeye ndiye anayeamua kama mlango unyooshwe au ubadilishwe, kama kipuri kiwe kipya au kilichotumika, na kiasi gani kikatwe kwa uchakavu. Huteuliwa na kulipwa na kampuni, ingawa taaluma inamtaka awe wa haki kwa pande zote. Katika kipindi cha ukiritimba, mwenye gari asiyekubali tathmini hiyo hakuwa na kampuni nyingine ya kuhamia. Mahakama ilikuwa wazi kwake, lakini gharama na muda wa kesi mara nyingi vilizidi thamani ya mlango wa gari.

6.0 Soko Huria na Sheria ya Mwaka 2009

Sheria ya Bima Na. 18 ya mwaka 1996 iliufungua mlango kwa makampuni binafsi na kuunda idara ya kusimamia shughuli za bima. Wakati huohuo magari yaliyotumika, hasa kutoka Japani, yaliongezeka kwa kasi. Gari halikuwa tena alama ya ofisa na mfanyabiashara mkubwa. Lilikuwa mali ya mwalimu, muuguzi, mkulima wa mazao ya biashara na kijana mwenye daladala. Mitaa ya Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam ikajulikana kwa gereji na maduka ya vipuri vipya na vilivyotumika. Uhaba wa miaka ya 1980 ulikwisha, na nafasi yake ikachukuliwa na mabishano juu ya ubora na bei: kipuri halisi au cha kuiga, cha dukani au cha kung'olewa, cha fundi wa mteja au cha gereji iliyoteuliwa na kampuni.

Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania na kuweka msingi wa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwa mwenye gari anayelalamikia tathmini ya matengenezo, hatua hii ya pili ndiyo yenye maana kubwa zaidi. Iliupa mgogoro wa kiasi kidogo mahali pa kusikilizwa nje ya mahakama, mbele ya mtu asiyelipwa na upande wowote kwa ajili ya shauri hilo. Aliyebishania mlango mmoja na bampa moja sasa aliweza kusikilizwa bila gharama ya kesi kuzidi thamani ya vitu hivyo.

Pamoja na hayo, mpaka wa mwaka 1945 haukuondolewa. Viwango vya chini vya ada vilivyozoeleka baada ya mwaka 2009 vinauonyesha wazi. Bima ndogo ya gari binafsi iligharimu shilingi 100,000, nayo pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikafikia shilingi 118,000. Bima kubwa ilikuwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Kwa gari la shilingi milioni 20, ada ni shilingi 700,000, na pamoja na kodi ni shilingi 826,000, yaani mara saba ya bima ndogo. Mwenye kipato cha kawaida, akijua kwamba askari wa barabarani ataridhika na bima yoyote iliyo hai, ana sababu ya kutosha kuchagua ile ya bei nafuu. Hesabu yake ni sahihi hadi siku ya ajali.

7.0 Hitimisho

Historia iliyochunguzwa inaonyesha vipindi vitatu vyenye umiliki tofauti wa biashara ya bima: makampuni ya kigeni, shirika moja la umma, na soko la makampuni mengi chini ya mamlaka ya usimamizi. Katika vipindi vyote vitatu swali la nani atalitengeneza gari baada ya ajali lilijibiwa na mkataba, kwa kuwa sheria ya mwaka 1945 haikulijibu. Uamuzi wa kuutanguliza mwili wa binadamu ulikuwa wa haki, na hakuna sababu ya kuujutia. Kilichokosekana ni kuurejea uamuzi huo wakati gari lilipogeuka kutoka anasa ya wachache na kuwa chombo cha riziki cha wengi.

Matokeo mawili yanafuata kutokana na hoja hii. La kwanza ni la kisheria: kuiingiza mali ya mtu wa tatu katika bima ya lazima, kwa kiwango maalumu, kungempa aliyegongwa bila kosa lake haki isiyotegemea maandishi ya mkataba wa mtu mwingine. La pili ni la elimu na lugha. Mikataba inayoeleza thamani, uchakavu, matumizi na idhini ya matengenezo iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza kwa wateja waliofikiri na kufanya biashara kwa Kiswahili. Mwenye gari anayefahamu tofauti ya bima kubwa na bima ndogo ameielewa nusu ya mkataba wake. Nusu iliyobaki, ambayo ndiyo huamua kama gari litatoka gerejini, anastahili kuisoma kwa lugha yake kabla ya ajali, siyo kusomewa na mkadiriaji baada yake.